Mama Benie na Mafuta ya Magoti

Mama Benie hakuwahi kusafirisha hewa. Mwanamke anayenunua samaki wakavu kwenye libongo, pale ukingoni ambapo boti za Isangi hushusha mizigo, hujifunza mapema kwamba pengo lolote ndani ya kikapu ni hasara. Naye alijua kupanga. Samaki wakubwa chini, wadogo mbavuni, majani ya migomba kwenye kila tundu, na kifuniko kikikazwa hata kidole cha mtoto hakipenyi. Wenzake walikuwa wakisema kwamba ukimpa Mama Benie mji mzima wa Kisangani na kikapu kimoja, atakurudishia kikapu kimejaa na kukuuliza kama Yangambi nayo ipo.

Jina lake la ubatizo ni Angélique Lokangu. Alizaliwa katika ukoo wa wavuvi chini ya mto, karibu na Isangi, akaolewa Kisangani na fundi wa mashine za boti. Mume alipofariki alimwachia mtoto mmoja, Benie, na sanduku la spana. Spana aliziuza, mtoto alimlea. Tangu hapo alikuwa mtu wa samaki, na mtu wa samaki katika mji huu ni mtu wa mteremko. Kutoka libongo hadi barabarani kuna mwinuko mkali wenye ngazi zilizovunjika, na wanawake huupanda na vikapu kichwani, mvua inyeshe isinyeshe. Hata wakati makombora ya majeshi ya wageni yalipokuwa yakipita juu ya mji, siku ya kwanza ya utulivu Mama Benie alikuwa amekwisha kushuka kuuliza kama kuna boti.

Mteremko huo hulipwa na magoti. Hakuna hata mmoja kati ya wanawake wa pale aliyefikisha miaka hamsini akichuchumaa bila kushika kitu. Kila mmoja alikuwa na dawa yake: huyu mafuta ya mawese na pilipili, yule majani ya kuchemsha, na Adèle, ambaye haogopi kitu, alijipaka petroli. Daktari aliwahi kuwaambia wapumzike. Wakamshukuru, wakarudi kupanda mteremko.

Sasa Benie aliolewa huko Poto, kama tunavyoita Ulaya, katika mji wa Liège nchini Ubelgiji, akapata mimba yake ya kwanza. Kwetu msichana hazai mtoto wa kwanza bila mama yake kuwapo kumkanda kwa maji ya moto. Mama Benie aliihangaikia visa mpaka wale wa ofisini wakaichoka sura yake, akaipata, akaenda. Alimkanda binti yake, akamwogesha mjukuu, akawafundisha majirani kula fumbwa, yale majani ya msituni tunayopika. Lakini baridi ya kule ilimwingia kwenye magoti, ikamlaza kitandani.

Ndipo Benie alipompeleka dukani. Halikuwa duka la kujificha. Lilikuwa na dirisha kubwa la kioo, kando ya mwoka mikate, na vikongwe wenye vijibwa walikuwa wamepanga mstari. Muuzaji, msichana mpole, aliwatolea kichupa chenye mrija wa kudondoshea na jani la kijani lililochorwa mbele. Akaeleza kwamba ndani mna kitu kinachoitwa CBD, kinachotolewa kwenye mmea wa ukoo uleule wa bangi, isipokuwa kile kinacholevya kichwa kimeondolewa. Mama Benie alikunja uso. Akamwomba Benie aulize kama polisi wanajua. Msichana alicheka, akasema polisi mmoja ni mteja wake.

Baada ya majuma machache Mama Benie alikuwa akishuka ngazi za ghorofa bila kushika chuma. Kama ni mafuta yale, au ni joto la nyumba, au ni kukaa bila kikapu kichwani, hakuweza kusema. Lakini alipokuwa akishuka, kila ngazi, aliwaona wenzake wa libongo mbele ya macho yake.

Mtu anayerudi kutoka Poto hapokelewi bure. Watu huja kumsalimia, hukaa, hunywa, husifu rangi ya ngozi yake, na hawaondoki hadi kila mmoja ashike kitu mkononi. Wengine huleta manukato, wengine mashati. Mama Benie aliamua kuleta mafuta. Chupa ni ndogo, zote zinafanana, hakuna atakayesema mwenziwe amepewa bora. Alinunua ya kila mwanamke wa mteremko, hata ya Marthe. Na Marthe huyu, ni lazima tumweleze, alikuwa mshindani wake wa siku nyingi. Walikuwa hawasalimiani tangu ugomvi wa kikapu cha samaki ambao kila mmoja anausimulia kwa namna yake.

Siku ya kufunga valizi, sanduku lake la safari, mkono wa libongo ukafanya kazi yake. Kila chupa ilikuja ndani ya boksi, na boksi lilikuwa kubwa kuliko chupa. Mama Benie aliyatazama maboksi yale kama anavyotazama pengo kati ya samaki. Akayatupa yote, pamoja na karatasi zilizokunjwa ndani yake. Benie alimwambia asitupe, kwamba humo ndimo mlimoandikwa kilichomo ndani ya mafuta na duka yalikotoka. Mama yake akajibu kwamba karatasi haijaponya goti la mtu. Kisha, ili vioo visigongane, akakusanya soksi za mjukuu zilizokuwa zimeshakuwa ndogo kwake, akavisha kila chupa soksi yake, akazipanga katikati ya nguo za watoto. Valizi ilifungwa bila tundu hata moja. Akaipiga kofi kwa fahari.

Ilipita Brussels, ikapita Addis-Abeba, ikapita Kinshasa. Ilifunguliwa Kisangani, nyumbani.

Afisa wa forodha aliyeifungua pale uwanja wa ndege alikuwa kijana mwenye adabu. Alitoa soksi ya kwanza, akaiminya, akaivua. Akatoa ya pili. Kufikia soksi ya tano wasafiri waliokuwa wakisubiri mizigo yao walikuwa wamesogea kutazama. Chupa zilisimama mezani mstari mmoja, kila moja ikionyesha jani lake.

"Mama, hii jani unaijua?"

"Naijua. Ni ya bangi. Lakini hii mafuta hailewishi mutu. Ni ya magoti."

"Na uliificha mu soksi?"

"Sikuificha. Chupa inavunjika, papa. Wewe ukibeba mayai, unaitupa tu mu valizi?"

Watu walicheka, na huenda mambo yangeishia kwenye kicheko kama mtu angekuwa na jibu la swali lililofuata. Afisa aliuliza boksi ziko wapi. Aliuliza karatasi ya daktari. Aliuliza kwa nini mtu mmoja mwenye magoti mawili alihitaji chupa nyingi hivyo, zote sawa, zote zimefungwa tayari kugawiwa. Mama Benie alisema ni zawadi. Afisa akauliza zawadi ya nani. Hapo mama akafunga mdomo, maana ndipo alipoona kwamba kila jina atakalolitaja litaingia ndani ya shimo pamoja naye.

Kulikuwa na bwana mmoja anayeitwa Carlos. Hakuwa mfanyakazi wa pale, lakini alikuwa pale kila siku, na shati safi na simu mbili, akiwasaidia wasafiri kwa kile anachokiita ushauri. Alimvuta Mama Benie pembeni.

"Mama, tusisumbuane. Bon. Utoe kitu kidogo, mi nazungumuza na batu. Leo mangaribi uko kwako, unakula samaki."

"Kitu kidogo ya nini?" Mama Benie alijibu kwa sauti aliyozoea kumwitia kapteni wa boti kutoka ukingoni. "Kama nilikosa, banifunge. Kama sikukosa, banipe valizi yangu. Wewe uko sheria ya inchi gani?"

Carlos akayeyuka katikati ya watu. Tangu hapo hakuna aliyeweza kulimaliza jambo lile kimyakimya, hata kama angetaka. Walimpandisha kwenye gari la polisi, nyuma, wazi, na valizi yake miguuni. Polisi aliyeketi kando yake aliitwa Hemedi, mtu wa Maniema, mnene, mwenye kushika kiuno kila gari liliporuka shimo. Alimshauri mama ajifunike uso kwa kitambaa, maana wataingia Makiso, katikati ya mji, na watu wa Makiso wana macho. Mama Benie akakitoa kitambaa kichwani, akakikunja, akakikalia.

Kwa hiyo mji ulimwona. Na mji ukifumba jicho, mdomo wake haulali. Gari lilikuwa halijafika kituoni, habari ilikuwa imeshuka libongo: Mama Benie wa samaki amekamatwa na bangi ya Poto. Ilipofika sokoni ilikuwa imetiwa chumvi, valizi moja imekuwa tatu. Vijana wa toleka, wale wanaobeba watu kwa baiskeli, wakampa jina jipya. Mama Bangi.

Jina hilo alilisikia akiwa bado kituoni, limepigwa kelele kutoka barabarani, na ndilo lililomchoma kuliko benchi alilolalia. Hebu fikirini. Mwanamke ameuza samaki tangu ujana wake, hajamwekea mteja samaki aliyeoza chini ya wazima. Mali yake yote ni jina lake. Walaji wa samaki hununua kwa jicho, lakini hurudi kwa jina.

Asubuhi alikuja Lionel, mtoto wa kaka yake, wakili aliyekuwa amevaa joho kwa mara ya kwanza mwaka uleule. Alikuja mbio, tai upande. Alimweleza shangazi yake mambo kwa utaratibu kama alivyofundishwa. Sheria ya Ubelgiji, alisema, inaishia mlangoni mwa Ubelgiji. Mwenye duka anakuuzia, hakusindikizi. Kila unapotua kwenye uwanja wa ndege, unafungua kitabu kingine cha sheria, na kama valizi ingefunguliwa Addis-Abeba, pengine wakati huu angekuwa akijitetea kwa mkalimani. Kuhusu hapa nyumbani, yeye Lionel alikuwa amekesha akisoma, na hakuona andiko hata moja linalosema kwamba mafuta ya CBD yana ruhusa. Aliyoyaona yalitaja mmea wenyewe na vitokanavyo nao, wala hayakuuliza kama vinalevya au havilevyi.

Halafu kulikuwa na jambo la pili, baya zaidi. Chupa nyingi, bila boksi, bila karatasi, zimefichwa moja moja ndani ya soksi.

"Tantine, wakiona vile, hawaoni mugonjwa. Wanaona muchuuzi."

Kwa Mama Benie lilikuwa jambo gumu kumeza, kwamba ufundi ule ule uliomlisha maisha yake ndio uliomkamatisha. Alikiri kwamba karatasi zile alizitupa kwa mkono wake, na kwamba Benie alimkataza. Lionel akaona mlango hapo. Akashusha sauti, akasema aseme basi kwamba Benie ndiye aliyefunga valizi, na kwamba yeye, mama wa kijijini, hakujua kilichomo. Benie yuko mbali, hakuna atakayemgusa. Benie mwenyewe alikuwa amekwisha kumpigia Lionel simu akilia, akaomba iwe hivyo.

"Lionel, unataka nimubebeshe mutoto kikapu yangu?"

"Ni kwa sababu ya kukutoa humu, tantine."

"Na siku nitakufa, akuje kunizika, bamukamate pale kwa ndege? Hapana. Kama iko kosa, kosa iko na mwenyewe. Mwenyewe ni mimi. Wende ukaseme vile."

Lionel alirekebisha tai yake, akaenda kusema vile.

Siku hiyohiyo walimpeleka mbele ya magistra, yule wa ofisi ya mwendesha mashtaka aliyepewa faili. Aliitwa Dominique. Alikuwa mtu wa haki, tena mchovu, mwenye faili za wachimba dhahabu wa Bafwasende mpaka chini ya meza. Hakumpigia kelele. Alimwambia kwamba anaona mbele yake mambo mawili. La kwanza ni kuingiza kitu kinachotokana na mmea uliokatazwa. Hilo mama hakulikana, na litafuata njia yake. La pili ni biashara ya kitu hicho, na hilo ndilo linalojaza jela. Kama chupa zilikuwa zawadi kweli, basi zina wenyewe. Wenyewe wana majina. Amtajie.

"Nilileta kwa batu ya magoti," alisema Mama Benie.

"Majina, mama."

"Magoti yao unaweza kuiona kila siku kule kwa mteremko. Majina utabakia bila."

Magistra aliweka kalamu chini. Alieleza tena, polepole, kama mtu anayemvusha mwenzake mtoni. Bila majina hakuna zawadi. Bila zawadi kuna mizigo ya kuuza, na karani ameshaandika hivyo: mchuuzi. Akisaini hapo, akaonyesha majuto, wataangalia umri wake, huenda wakampunguzia. Akikataa kusaini, atarudi ndani kungoja mahakama, na mahakama ina foleni ndefu kuliko foleni ya mafuta.

Lionel alimgusa kiwiko. Mama Benie aliisoma karatasi, kidole kikifuata mistari, mpaka kikafika kwenye neno lile. Akakiacha kidole juu yake.

"Mimi niko muchuuzi ya samaki," alisema. "Hii ingine siisaini. Munirudishe kule ndani."

Hemedi aliyekuwa mlangoni alikuwa amekwisha kumsogelea ili amrudishe, ndipo kelele zikasikika uani. Zilikuwa sauti za wanawake, na chini ya sauti hizo harufu moja ikaingia ndani kabla ya wenyewe, harufu ya samaki wa moshi. Mlinzi alikuwa akisema haiwezekani, mmoja mmoja, kwa utaratibu. Kisha mlinzi akaacha kusema. Mlango ukafunguka, na aliyetangulia alikuwa Marthe.

Mama Benie alidhani amekuja kumcheka. Marthe alisimama katikati ya chumba, mikono kiunoni, bila kumtazama magistra.

"Mama Benie. Benie alitupigia simu, nimesikia ulileta mafuta ya bamama ya mteremko. Mi nakuuliza kintu moja tu. Mu ile machupa, ya kwangu ilikuwamo, ao ulinisahau?"

Mama Benie alimtazama kwa macho ya kumsihi anyamaze. Marthe hakunyamaza. Alirudia swali, safari hii polepole, na nyuma yake wenzake walikuwa wameujaza mlango: Lydie, na Adèle wa petroli, na wengine wa mteremko, wote na vitenge vya kazi, magamba ya samaki bado mikononi.

"Ilikuwamo," Mama Benie akasema mwishowe. "Ya kwako niliivalisha soksi ya njano."

"Bon." Marthe akamgeukia karani. "Andika basi. Marthe, samaki ya kukausha, goti ya kushoto. Chupa moja ni ya kwangu, ile ya soksi ya njano. Sikulipa, ni kadeau. Andika na hiyo."

Karani akamtazama magistra. Lydie alikuwa ameshasogea mezani, akisema yeye ni magoti yote mawili na karani asimchanganye na Marthe. Adèle alitaka iandikwe kwamba petroli haimsaidii tena. Kila mmoja alisema jina lake, sehemu inayomuuma, na kwamba hakutoa hata faranga. Lionel, ambaye hakuna mwalimu aliyemfundisha kesi ya namna ile, alisimama akawaonya kwa haki kabisa kwamba wanayoyasema yanaweza kuwarudia wenyewe. Mama mmoja akamwambia akae, mtoto, shangazi yake bado hajala.

Magistra alivua miwani.

"Munajua naweza kuwafungulia nyinyi wote kesi?"

"Tufungulie, magistra," Adèle alijibu. "Lakini boti ya Isangi inafika kesho. Utashuka wewe kupandisha samaki? Mji utakula nini, faili?"

Hata karani alicheka. Magistra hakucheka, ila aliinama akatafuta kitu chini ya meza kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alipoinuka, aliwaamuru wanyamaze, na wakanyamaza. Aliwaambia wasifikiri kwamba sheria ni mnada, eti wakija wengi itashuka bei. Kitu kile kilikuwa kimekatazwa jana, kimekatazwa leo, na uzuri wa nia hauondoi jani kwenye chupa. Mtu yeyote atakayeleta kingine kutoka Poto, hata kama ameuziwa na askofu, atamkuta yeye hapa mezani. Lakini mambo ya kuandika uongo naye hayataki. Hapa mbele yake kulikuwa na wagonjwa na zawadi, hakumwona mchuuzi. Karani afute neno lile, aandike kila mwanamke alivyosema. Chupa moja itatiwa muhuri iende Kinshasa kupimwa, nyingine zote zitaharibiwa. Mama Angélique atatoka, ila kila Ijumaa atakuja kuripoti, mpaka jibu lirudi na ijulikane kosa la kwanza linaishaje.

Karani aliandika. Mama Benie akaisoma tena karatasi mpya tangu juu hadi chini, watu wote wakimsubiri, akaona pale palipokuwa na mchuuzi sasa palikuwa na mwenye zawadi. Akasaini. Alisema Ijumaa atakuja, mvua inyeshe isinyeshe, na kama Kinshasa watasema alikosa, atasimama asikie.

"Lakini magistra, iko neno moja."

"Neno gani tena?"

"Ile machupa muiharibu mbele ya macho yangu. Sasa hivi. Mi naijua hii Kisangani. Kintu ikikamatwa asubui, mangaribi iko na miguu."

Lionel alifunga macho. Magistra akamwamuru Hemedi achimbe shimo uani.

Wakasimama kulizunguka, wanawake wa mteremko, magistra na karani wake. Hemedi alivua soksi moja baada ya nyingine, akafungua vichupa, akamimina. Mafuta yalikuwa ya rangi ya dhahabu, yalishuka polepole. Lydie aligeuza uso. Kufikia ile ya soksi ya njano, Marthe alisonya, akasema hata harufu yenyewe si nzuri, afadhali mawese. Hemedi alimimina mafuta ya taa juu yake, akawasha. Alipoinuka alishika kiuno, akamsogelea Mama Benie, akamnong'oneza.

"Mama. Kweli ilikuwa inasaidia?"

"Mi ilinisaidia. Ao ni kupumuzika iliyonisaidia. Sijui, papa. Wewe mugongo yako, uende kwa munganga. Usiende Liège."

Moto ulipozimika, karani alishauri kwa wema kwamba mama atoke kwa mlango mdogo wa nyuma, kwa sababu kwenye lango kubwa kulikuwa na vijana waliokusanyika tangu asubuhi kumngoja. Mama Benie alimwuliza kama karatasi aliyoisaini inasema mchuuzi. Karani akasema haisemi. Basi akajifunga kitambaa kichwani vizuri, kile alichokuwa amekikalia garini, akamwachia Lionel valizi, akatoka kwa lango kubwa.

Walikuwepo kweli. Mmoja, kijana wa toleka aliyekaa juu ya baiskeli yake na kiti cha nyuma kimepambwa sponji nyekundu, aliinua kidole.

"Mama Bangi!"

Wenzake wakacheka. Wanawake wa mteremko wakaanza kupandisha mikono ya blauzi. Mama Benie akawazuia. Alimwendea kijana yule, goti likigoma kidogo, akasimama mbele ya gurudumu lake ili asiweze kuondoka.

"Niite tena. Nilikuwa ndani, sikusikia muzuri."

Kijana akashusha kidole.

"Jina yako?"

"Israël, mama."

"Israël. Mimi ni Mama Benie. Nilileta dawa yenye ilikatazwa, na nimeisema mbele ya magistra, na kila Ijumaa utaniona hapa. Bangi sikuuza. Ile jina ingine, mwenye anaipenda akuje aniambie kwa meza yangu ya samaki, nikiwa na kisu."

Kisha akazunguka nyuma ya baiskeli, akashika bega la Israël, akapanda juu ya ile sponji nyekundu, akatengeneza kitenge chake. Kijana aliuliza, kwa sauti ya mtoto anayetumikia misa, ampeleke wapi. Kulikuwa na njia fupi ya kwenda kwake, pembeni, ambako hakuna watu.

"Pita mu katikati ya soko," alisema Mama Benie. "Na usikimbie."